Vidonge vya Njano vya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na nyinyi mlioketi mbele, na nyinyi mliobanana kule mlangoni mkiukinga upepo wetu huu wa Ufipa kwa migongo yenu! Mimi ni Tusekile, wengi mnanijua kama Mama Tumaini wa Chanji. Mchungaji amenipa nafasi na akanisihi niwe mfupi. Mchungaji, nitajitahidi, ila wewe mwenyewe unanifahamu.

Nimesimama kushuhudia jinsi Bwana alivyoniokoa na kidonge. Msicheke! Najua mmezoea kusikia mtu ameokolewa na pombe, au na lori lililokatika breki kwenye mteremko wa Muze. Mimi niliokolewa na kidonge cha njano. Na zaidi ya kidonge, niliokolewa na moyo wangu mwenyewe, uliokuwa umemhukumu mtu asiye na kosa kwa muda wa miaka mitatu. Mtu huyo alikuwa mama mkwe wangu, Mama Pudensiana. Ameshalala katika Bwana, na leo nimemkumbuka sana, ndiyo maana nimeinua mkono.

Nilikuja Sumbawanga nikiwa bibi harusi, kutoka kwetu Tukuyu. Mume wangu Paskali alikuwa bwana shamba, Mfipa wa bondeni, mtu mpole asiyejua kugombana hata na kuku. Siku naondoka nyumbani shangazi zangu walinilia kama vile napelekwa vitani. Walisema, "Unakwenda Sumbawanga? Huko wanatuma radi! Ukipewa kitu na mtu, angalia mkono kwanza." Nami nilikuwa mtoto wa ibada, naimba kwaya, lakini maneno yale niliyapakia kwenye sanduku pamoja na nguo zangu na kupanda nayo basi.

Zilikuwa enzi za ruksa. Nyinyi vijana hamwezi kujua utamu wa siku zile! Sisi tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni, tumefulia majani ya mpapai, tumekunywa chai bila sukari mpaka tukasahau kwamba huwekwa sukari. Mara maduka yakafunguka. Kila nikienda sokoni nakuta kitu kipya: mitumba imemwagwa chini, redio za betri zinashindana kupiga kelele, biskuti, pipi, na ule unga wa juisi wa kwenye pakiti, ukiweka kijiko kimoja ndoo nzima inakuwa na rangi ya chungwa. Tulikuwa tunakunywa, tunaonyeshana ndimi zilivyogeuka rangi, watu wazima na watoto wao. Mpaka leo nikifumba macho nauona mji ule mdogo, na vumbi lake jekundu, na furaha yetu ya kijinga.

Maduka ya dawa nayo yakaja. Zamani dawa ilikuwa ya zahanati au ya masista wa misheni. Sista anakuhesabia vidonge vyeupe, anavifunga kwenye kipande cha karatasi, anakwambia moja mara tatu, basi. Sasa ukiingia dukani unakuta rafu zimejaa: nyekundu, kijani, zile za rangi mbili, na njano iliyong'aa. Na hapo, ndugu zangu, sisi watu wa Sumbawanga tukafanya kosa letu. Tuliamini kwamba rangi ndiyo nguvu! Nyeupe tuliziita "za serikali". Mtu akitoka hospitali na vidonge vyeupe alijiona hajatibiwa, amehurumiwa tu. Ukifika dukani husemi jina la dawa, unasema, "Nipe ya njano." Na muuzaji anakupa.

Mama Pudensiana aliishi Muze, kule bonde la Ziwa Rukwa, akilima mpunga. Alikuwa mfupi, mwepesi, anatembea viatu mkononi ili visichakae, na alikuwa anaanza kucheka kabla hajamaliza neno lake. Alipanda kwetu na lori la mizigo mara chache kwa mwaka, amebeba mchele, karanga na samaki wakavu. Akishuka tu anajifunika kanga mpaka kichwani na kulalamika, "Huku kwenu hata jua lina baridi!" Nampenda ninapoyasema haya. Wakati ule sikujua kumpenda.

Na kwenye pindo la kanga yake hakukosa dawa. Homa ya bondeni ilikuwa imemchukulia watoto wawili kabla ya Paskali, mwaka mmoja, na zahanati haikuwa na hata kidonge. Tangu hapo aliapa kwamba hakuna mtoto wake atakayeumwa yeye akiwa mikono mitupu. Kila mnada wa Muze alinunua. Na kwa vile hakujua kusoma, alinunua kwa macho, na alinunua iliyosifiwa kuwa kali.

Mara ya kwanza nilikuwa nimejifungua Tumaini, kichwa kinanigonga. Mama akafungua pindo, akanipa vidonge viwili vya njano na kikombe cha juisi ya unga. Haikupita saa, midomo ikavimba, mwili ukatoka mabaka yanayowasha hadi ndani ya masikio. Tukasema labda ni uzazi. Alinikanda kwa kitambaa cha maji huku anasali rozari yake, na jioni nilikuwa mzima. Safari yake iliyofuata nilikuwa na maumivu ya mgongo, akanipa dawa nyingine kabisa, nayo ya njano. Nikavimba tena, na safari hii kifua kikabana, nikawa napiga mluzi ninapovuta pumzi. Ya tumbo na ya minyoo alizonipa baadaye, nazo za njano, zikanifanyia vilevile.

Hapo akaingia jirani yangu Mama Roda, mfanyabiashara wa vitenge, wa Mbeya kama mimi. Akanikalisha jikoni kwake. "Dada, hebu tumia akili. Akija unavimba. Akiondoka unapona. Unasubiri malaika akuandikie barua? Hapa ni Sumbawanga, mdogo wangu!" Nikayakumbuka maneno ya shangazi. Kweli nilikuwa sijawahi kuvimba kwa vidonge vyeupe vya zahanati. Ni kwa vile tu vilivyotoka kwenye mkono wake.

Ngoja niwaambie Bwana alivyojaribu kunifumbua macho nikakataa. Siku moja niliumwa kichwa mama mkwe akiwa kwake Muze, nikanunua mwenyewe vidonge dukani. Vya njano, si ndivyo tulivyopenda? Nikavimba uso mzima. Mtu mwenye akili angesema, basi si yeye. Mimi nilisema uchawi haupandi lori!

Nikamwambia Paskali, mama yako asikanyage tena nyumba hii. Alikwenda Muze, akakaa siku mbili, akarudi. Nilikuja kujua baadaye alimwambia mama yake kwamba mkewe anaumwaumwa, asubiri kwanza, naye mama akajibu, "Nimeelewa, baba," na hakuuliza kitu kingine. Lakini aliendelea kumtuma dereva wa lori alete mchele. Nikawa naumwaga mchele ule kwa kuku. Kuku wakanenepa! Hakuna hata mmoja aliyekufa, na bado sikushtuka.

Ndugu zangu, kila Jumatano nilikuwa kwenye kikundi cha maombi nikimkemea "adui wa bondeni". Nilipiga makofi, nilikanyaga sakafu, nilitoa machozi. Tumaini akaanza kutembea, akaanza kusema, akapata mdogo wake, na bibi yao hakuwaona. Nikiwaza hilo mpaka leo naumia. Ile miaka ya watoto kujifunza maneno haijirudii.

Mwaka wa tatu, wakati wa baridi kali ya mwezi wa saba, nikapata kikohozi cha kunipasua mbavu. Dawa nilishaziogopa zote, nikakataa. Paskali, masikini, akaenda dukani asubuhi akaniletea dawa ya maji, akanibembeleza kijiko kimoja tu. Nikameza. Kijiko hakijawekwa hata chini! Koo likafunga. Nilitaka kusema Yesu, sauti haikutoka. Nilimwona Paskali anapiga kelele bila kumsikia, nikaona watu wa ofisi ya kilimo wananipakia nyuma ya gari lao, na mbingu ya Ufipa iko juu yangu pana, ya buluu. Nikawaza, nakufa, na watoto wangu ni wadogo.

Walinichoma sindano hospitalini na pumzi ikarudi. Bwana asifiwe! Nyinyi mnaitikia kwa sauti ndogo, hamjawahi kukosa hewa. Bwana asifiwe!

Siku iliyofuata alikuja kitandani kwangu mfamasia wa pale, Mzee Dismas, amebeba daftari. Alikuwa mtu wa maneno machache, miwani imefungwa kwa uzi. Akaniuliza, "Mama, tangu lini dawa zinakufanyia hivi?" Nikamwambia wazi kwamba si dawa, ni mama mkwe wangu, ananitilia vitu. Nilitegemea atanikaripia. Aliandika tu. Kisha akasema, "Inawezekana. Basi mwiteni aje na dawa zake zote nizione."

Nilifurahi, ndugu zangu! Nikasema leo mchawi amepatikana. Kama hana hatia atakuja, na kama anayo hatakuja, maana vidonge vyake vitamuumbua mbele ya mtaalamu. Paskali akatuma ujumbe kwa dereva wa lori. Nilikaa kitandani nikisubiri kusikia kwamba amekataa.

Alikuja kesho yake. Amejaa vumbi la njiani mpaka kwenye kope, kanga nyepesi ya bondeni mwilini, anatetemeka kwa baridi yetu. Hakuingia. Alisimama mlangoni mwa wodi akasema, "Mwanangu, naweza kusogea?" Nikageukia ukuta. Mzee Dismas ndiye aliyemwamkia na kumletea kiti.

Mama mkwe akafungua pindo la kanga. Ndani mlikuwa na vikaratasi, kila kimoja kimefungwa peke yake. Kumbe kila dawa aliyowahi kuninunulia alibakiza kidonge kimoja! Mzee Dismas akamuuliza kwa nini. "Sijui kusoma, baba. Nikirudi dukani naonyesha: nipe kama hiki." Vidonge alivyonipa mimi vilikuwa vinne. Mzee akavipanga kwenye sahani ya chuma, akaongeza chupa ya ile dawa ya maji, na cha kwangu mwenyewe nilichonunua mjini, Paskali alikuwa amekitafuta kabatini.

Akavigusa kimoja kimoja, akasema taratibu, "Hiki ni cha homa. Hiki cha maumivu. Hiki cha tumbo. Hiki cha minyoo. Hivi havina hata undugu. Kinachovifanya vifanane ni kimoja." Nikaangalia ile sahani. Vyote vilikuwa vya njano. Na dawa ya maji ya njano. Akaniuliza kuhusu juisi ya unga na pipi, nikakumbuka kumbe hata hizo zilikuwa zinaniwasha midomo, nikadhani ni uchachu.

Paskali akauliza, rangi tu? Mzee akamjibu, "Dagaa wa Kirando wanafungwa kwenye gazeti. Wewe umenunua dagaa, lakini umebeba na gazeti, na gazeti lina wino wake. Kidonge nacho hivyo. Dawa yenyewe ni kidogo sana. Imechanganywa na unga wa kukijaza, kitu cha kukigandisha, sukari, rangi. Hivyo vingine havitibu, vimebeba tu. Watu wengi haviwafanyi kitu. Mmoja mmoja mwili wake unakataa." Akasema hana mashine ya kupima jambo hilo pale, ana macho na daftari. Kwa hiyo asubuhi ile alikaa na mimi, muuguzi yuko na sindano tayari, akanipa dawa ileile ya maumivu iliyokuwa ya njano, ila hii imetengenezwa nyeupe bila rangi. Tukasubiri. Mama mkwe yuko kwenye kiti, midomo inatembea na rozari. Jua likapanda dirishani. Sikuvimba! Hata kuwashwa sikuwashwa.

Nikauliza, na nilikuwa nang'ang'ania bado, "Kwa hiyo hakuna sumu?"

"Hakuna, mama. Kuna rangi, na kuna mwili wako usioitaka."

Nilimgeukia mama mkwe. Nilidhani atashangilia, au atanitukana, na haki alikuwa nayo. Badala yake aliinamisha uso akaanza kulia, na kulia kwake kulinichoma kuliko sindano ya juzi. Alisema, "Kumbe kweli ni mimi. Muuzaji alinipa nyeupe, nikamrudishia. Nikasema hapana, mkamwana wangu apate kali." Akawa anaviokota vile vidonge kwenye sahani avitupe, vinamponyoka, vinabingirika sakafuni, naye anavifuata kwa magoti chini ya vitanda vya wagonjwa.

Ndugu zangu, moyo wangu ulivunjika hapo! Miaka mitatu nilimwita muuaji, na siku aliyooshwa na kila shtaka, yeye akajishtaki. Nilishuka kitandani. Nikapiga magoti kwenye saruji ile ya baridi, uso kwa uso na yeye, nikamshika mikono asiendelee kuokota. Nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie, "Mama, nilikuita mchawi. Nilimwaga mchele wako. Nilikuzuia wajukuu. Nisamehe."

Alinitazama. Pua inamtiririka, vumbi limechora mifereji mashavuni. Akasema, "Mwanangu, hujui hata jina la mji unaokaa? Sumbawanga kwa Kifipa ni tupa uchawi. Wazee walimwambia kila aliyekuja hapa, mzigo huo usiingie nao. Sasa wewe umeingia nao, umeubeba miaka yote hii, si umechoka? Utupe, tule. Nimekuja na wali na samaki."

Tulikula pale kitandani, wali umepoa, samaki ana miba, na Mzee Dismas akalazimishwa tonge. Sijawahi kula chakula kitamu hivyo. Siku hiyo ndiyo ninayoihesabu kuwa siku ya kuokoka kwangu, ingawa nilikuwa nimebatizwa zamani na naimba sauti ya kwanza.

Kuanzia hapo kwenye kadi yangu ya hospitali kukaandikwa kwa herufi kubwa jambo la ile rangi, na kila nikitibiwa naionyesha kabla sijaulizwa. Jumatano niliyotoka nilirudi kwenye kikundi cha maombi nikakanusha niliyoyasema. Mama Roda alinuna wiki mbili, kisha akaja kumsalimia mama mkwe akiwa na kitenge. Na Mama Pudensiana akawa kero kwenye maduka yote ya dawa ya mjini! Anaingia, anaweka viatu kaunta, anasema, "Nipe isiyo na rangi, na unisomee vyote vilivyomo, usiruke." Vijana wa dukani walikuwa wakimwona kwa mbali wanaanza kutafuta miwani. Akawafundisha Tumaini na mdogo wake kucheka kabla ya kumaliza neno. Ah, siku zile! Nyumba ilikuwa ndogo, bati linapiga kelele kwa upepo, na yeye amejifunika kanga tatu karibu na jiko la mkaa anatusimulia habari za mpunga. Nani atanirudishia jioni moja tu kama hizo?

Ndugu yangu, kama dawa imewahi kukudhuru, sema. Mwambie daktari, mwambie muuguzi, taja ulikunywa nini, peleka na pakiti yake. Usiache kutibiwa kwa hofu, wala usijijaribie nyumbani, Mungu ameweka watu wenye macho na daftari. Na kama yuko mtu ambaye chakula chake hukigusi, ambaye ukimwona unavuka barabara, na huna ushahidi ila maneno ya jikoni, nakusihi kwa jina la Yesu, mfuate leo ukamuulize usoni kwake. Mimi nilikaribia kuzikwa nikiwa na chuki hiyo, na ningekuwa nimemchukia mtu aliyekuwa ananipenda kuliko shangazi zangu wote.

Mwaka wake wa mwisho Mama Pudensiana alihamia kwetu Chanji. Macho yalikuwa yamekwisha, haoni hata mwanga wa dirisha. Dawa zake nilimpa mimi, asubuhi na jioni. Mara ya kwanza nilianza kumweleza, mama, hii ni ya presha, ni nyeupe, ndani ina hiki na hiki, nimeuliza yote. Hakunisubiri nimalize. Nikamkuta ameshafungua kinywa. Na alifanya hivyo kila siku hadi Bwana alipomchukua. Mimi niliuogopa mkono wake miaka mitatu, yeye wangu hakuuogopa hata siku moja. Ndugu zangu, Bwana asifiwe!